Furushi Kuu la Ufunikoni

Mambo yaliharibika Jumapili ya tarehe nane Desemba, saa tano kasorobo asubuhi, wakati wa matangazo. Nataja na saa kwa sababu najua watu watasema huyu kafiwa, anachanganya mambo. Sichanganyi. Siku hiyo mwenyekiti wa baraza la wazee wa kanisa letu alisimama, akapangusa miwani, akatangaza kuwa mafundisho ya watoto yamesimamishwa kipindi chote cha Majilio, maana kile chumba chao kinahitajika kuhifadhia maboksi ya zawadi za Krismasi. Watoto watafundishwa tena Januari. Watu wakapiga makofi. Nakiri kwamba hata mimi mikono yangu ilikwisha kuinuka kabla sijaelewa kilichosemwa.

Katika chumba kile mke wangu Nakundwa alifundisha miaka kumi na mmoja, mpaka Juni hii tulipomzika. Kila Desemba alikuwa akiwasimulia watoto habari ya kuzaliwa kwa Bwana kidogo kidogo, wiki hadi wiki, hata sisi wakubwa tukawa tunasimama dirishani tunajifanya tunasubiri mvua ipite. Mimi niliishia darasa la nne. Kusimulia ilikuwa kazi yake, yangu ilikuwa kukata majani ya ng'ombe. Mtoto tuliyejaliwa ni mmoja, Naetwe, ana miaka saba. Njiani kurudi nyumbani aliniambia, wala hakulia, kuwa basi mwaka huu Krismasi ni maboksi.

Nilijaribu, Mungu ni shahidi yangu. Jioni ile ile nilikaa naye jikoni nikaanza kumsimulia mwenyewe, nikafika pale mtawala alipoamuru watu wote waende kuhesabiwa, nikakwama. Nilianza kumlaumu mtawala yule, mama mjamzito kupandishwa milima kwa ajili ya orodha, nikaunganisha na hawa wakubwa wa kwetu, na nilipogeuka mtoto alikuwa amesinzia.

Basi niliposikia kuwa iko nchi inaitwa Ufunikoni, na kwamba huko Krismasi inaheshimiwa kuliko popote, wanaiandaa mwaka mzima, nikasema haya. Mimi sijui kufundisha, nitampeleka kwa wanaojua. Safari yenyewe haina la kusimulia. Tulifika tarehe ishirini, asubuhi na mapema.

Jamani, niliyoyaona. Sijui nianzie wapi, mkono wenyewe unakimbia kuliko kalamu.

Nchi nzima imefungwa karatasi. Si nyumba tu, hata mawe ya barabarani, hata mti wa mpera una karatasi mpaka kwenye vijiti, na mapera yake yananing'inia kila moja na utepe wake. Nilimwona punda amezungushiwa karatasi ya dhahabu, anatafuna fundo la kifuani kwake mwenyewe, na mwenye punda anampiga kwa upole asiharibu. Asubuhi mtu hupasua mlango wake ndipo atoke, na jioni hubandika mwingine. Wakikutana hawaulizani hali. Mmoja husema, "Umepata nini?" na mwenzake hujibu, "Sijafungua." Hilo ndilo jibu la heshima. Ukisema umekwisha kufungua, wanakushika mkono kwa huzuni kama wanavyomshika mfiwa, na mimi, niliyeshikwa hivyo miezi yote hii, nililijua lile shiko mara moja.

Juu ya lango la mji wameandika sheria yao ya kwanza: KISICHOFUNGIKA SI ZAWADI. Chini yake ya pili: KILICHOFUNGULIWA KIMEKWISHA. Wanazifuata kwa uaminifu nisiowahi kuuona kwetu. Mtoto akifungua akakuta kigari, furaha yake imekwisha palepale kisheria, kigari kinatupwa, na mzazi anawajibika kumpa furushi lingine kabla jua halijazama. Kwa hiyo wazazi wa nchi ile hawakai na watoto wao. Hawana nafasi, wako vyumbani wanafunga. Mitaro imejaa vigari ambavyo havijabingirika hata hatua moja. Naetwe aliokota mwanasesere mmoja, akampangusa tope, akaniuliza kama tunaweza kumrudisha kwao. Nilimwambia amuweke chini, tusije tukavunja sheria tusizozijua.

Na katikati ya mji liko lenyewe, Furushi Kuu. Kanisa letu lingeingia humo na kengele yake. Limefungwa karatasi nyekundu yenye nyota, utepe wake una upana wa barabara, na kila mwaka, tarehe mbili Desemba, wakuu wa nchi hupanda ngazi na kuliongezea tabaka jipya. Limekwisha kuwa na matabaka sitini na matatu. Ndani yake, wanasema, yumo Mwenye Siku.

Hayo nilielezwa na Bi Pendeza, mama mmoja mpole muuza utepe, ambaye alitupa chumba nyumbani kwake. Alilizungumzia Furushi Kuu huku machozi yanamlenga. Nikamuuliza huyo Mwenye Siku anafananaje. Akashangaa. Alisema hajui, wala hamjui mtu anayejua, ila bibi yake aliwahi kuliona tabaka la tatu, lilikuwa la samawati, na mpaka kufa kwake bibi alikuwa akisimulia ile samawati.

Nikamuuliza watoto wao hufundishwa nini kuhusu siku hii.

Alijibu kuwa wanafundishwa kutaka.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kesho yake, tarehe ishirini na moja, tulipelekwa Idara ya Hamu, maana kila mtoto aliye ndani ya mipaka, awe mwenyeji au mgeni, lazima ataje mbele ya karani anachokitaka, kiandikwe, apate kufungiwa. Foleni ilikuwa ndefu, lakini ilienda mbio. Watoto wa Ufunikoni wana ustadi. Kuna mmoja alitaja vitu ishirini bila kuvuta pumzi, na mama yake akawatazama majirani kama mtu ambaye mwanawe kafaulu mtihani.

Zamu ya Naetwe ikafika. Karani alikuwa kijana mwenye kola iliyofungwa utepe, akauliza bila kuinua kichwa:

"Unataka nini?"

"Hii sikukuu ni ya nini?"

Karani akainua kichwa. Akacheka kidogo, akamwambia ni Siku ya Kuzaliwa.

"Kuzaliwa nani?"

Nakwambia, yule kijana alifungua kitabu chake, akapekua mbele, akapekua nyuma, akakifunga. Mwishowe akaelekeza kalamu dirishani, kwenye Furushi Kuu.

"Yule. Mwenye Siku."

"Basi namtaka yeye," Naetwe akasema.

Karani hakukasirika. Nilitamani angekasirika. Alifanya uso wa daktari. Akatoa vitu chini ya meza, kimoja kimoja, baiskeli ndogo, viatu vinavyowaka taa, mwanasesere anayelia ukimminya. Naetwe aliviangalia vyote kwa adabu aliyofundishwa na mama yake, akasema ni vizuri sana, hongera. Karani akachukua wino mwekundu, akaandika: upungufu wa hamu. Kabla sijauliza maana yake, mama wawili wenye aproni walikuwa wameshamshika mtoto mikono.

Nilielezwa sheria nikiwa nimesimama. Mtoto mwenye upungufu hupelekwa Nyumba ya Kuamshia Hamu, ambako huonyeshwa vitu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Akitaka kimoja, chochote kinachofungika, anaachiwa saa ileile. Sikukuu ikimkuta bado, anakuwa mtoto wa nchi na hatoki mpaka apone. Nikauliza kama wapo wasiopona. Wakanionyesha kwa mbali, dirishani, msichana mkubwa wa kuolewa, amekalia kigoda cha watoto, anaonyeshwa kigari.

Nilitaka kuipiga meza ya karani. Meza yenyewe ilikuwa imefungwa karatasi juu ya karatasi, ngumi ikadidimia wala haikutoa sauti. Hivyo ndivyo wenye vyeo wanavyojikinga, kwao na kwetu. Ukiwagonga hawalii.

Zilibaki siku tatu. Usiku ule sikula. Asubuhi Bi Pendeza alinipa uji, akakaa mbele yangu, akasema kwa sauti ya mtu anayekutakia mema.

"Baba Naetwe, huku ni ugenini. Mwambie aseme mwanasesere. Neno moja tu. Aandikwe, mwende zenu, akikua atasahau."

Nami nikakubali. Naandika hili ili mtu asidhani mimi ni shujaa. Saa sita mchana waliniruhusu kusimama dirishani kwa yule mtoto wangu. Nyuma yake walikuwa wanapitisha vitu kwenye mkokoteni, na mmoja wa wale mama anavitaja kwa sauti ya kuimba. Nikamwinamia nikamwambia aseme mwanasesere, tuondoke. Nikamwambia si dhambi, ni neno tu.

Aliniuliza bila kuutazama mkokoteni:

"Baba, si tulikuja kwa ajili yake? Kwani tumebadilisha?"

Nimekaripiwa na watu wengi maishani, wenyeviti, mabwana shamba, karani wa maziwa. Sijapata kukaripiwa namna ile. Niliondoka pale mwili wote unawaka, wala si kwa aibu tu. Nilikuwa kama mtu aliyesahau mzigo wake njiani na sasa kaukumbuka. Nikaenda moja kwa moja kwenye jengo la Baraza na kusema nina shauri, na sitoki.

Walinipa nafasi kesho yake, tarehe ishirini na tatu, asubuhi. Baraza la Ufunikoni lina wajumbe kumi na wawili, wote wamekalia viti ambavyo havijafunguliwa, kwa hiyo kila mjumbe akijisogeza ukumbi mzima unasikia karatasi. Anayeongoza ni Mpambaji Mkuu, Mheshimiwa Juujuu, ambaye baba yake alikuwa Mpambaji Mkuu na babu yake alikuwa Mpambaji Mkuu. Ni mtu mzuri wa sura, mnene kidogo, na sauti yake ni ya kustarehesha. Pembeni, kwenye meza yake peke yake, anakaa mtunza sheria, Bi Kurasa, mama mkavu mwenye gundi kwenye kucha, ambaye tangu naingia mpaka anasema hakunitazama hata mara moja. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje, maana habari ya mtoto asiyetaka ilikuwa imeenea.

Mheshimiwa Juujuu alianza kwa kunipa pole. Aliuliza ni shida gani ya nyumbani iliyomfanya mtoto akose hamu, kama ni njaa, au kufiwa. Nikamwambia mtoto hajakosa hamu. Katika foleni yote ile ni yeye aliyetaka kikubwa kuliko wote. Nikasikia mtu nyuma anacheka, mwingine anamnyamazisha.

Mjumbe mmoja akauliza kama mimi, mgeni, ninamjua huyo aliyemo.

Kazi ile ilikuwa ya Nakundwa. Yeye angesimama pale na kitenge chake, angeanza polepole, na wajumbe wangesogeza viti mbele. Mimi nilikuwa na darasa langu la nne. Lakini hakuna aliyekuwepo ila mimi, na mtoto alikuwa anaonyeshwa vigari. Nikasema.

Nikawaambia ni Mwana wa Mungu. Nikawaambia alizaliwa na msichana maskini, safarini, kwa sababu wakubwa walitaka orodha yao, na safari hii nikajizuia, nikapita hapo bila kukwama. Nikawaambia nyumba ya wageni ilijaa, wenye nafasi hawakujibana, akazaliwa pale wanapolala ng'ombe. Wa kwanza kuitwa wakamwone walikuwa wachunga kondoo, watu ambao hakuna baraza linalowaita.

"Mungu hakutuma kitu," nikasema. "Angeweza kutuma kitu, vyote ni vyake. Alikuja mwenyewe. Mwanangu hilo ndilo analolitaka, na mimi nilimleta huku nikidhani mnalo."

Kisha mjumbe mmoja akauliza, kwa upole kabisa, huyo mtoto alizaliwa na nini. Alikuwa na chochote?

Nikasema hakuwa na kitu. Vitambaa tu. Mama yake alimfunga vitambaa.

Ningejua ningeuma ulimi. Mheshimiwa Juujuu aliruka kitini.

"Alifungwa," akawaambia wajumbe, amefungua mikono. "Mgeni mwenyewe kasema. Alifungwa siku ya kwanza."

Makofi yakalipuka. Watu walikumbatiana. Mjumbe mmoja palepale akatoa hoja kwamba mwaka huu Furushi Kuu liongezewe tabaka la kitambaa, mwingine akaunga mkono, na walikuwa wanajadili kama kiwe cha maua au cha mistari wakati nilipopata sauti tena.

"Alifungwa asipigwe na baridi, Mheshimiwa. Hakufungwa asionekane."

Sikupaza sauti. Lakini walisikia, maana makofi yalikufa kuanzia viti vya nyuma kuja mbele. Na hapo Bi Kurasa, bado hanitazami, akalowesha kidole kwa mate akafunua kitabu chake. Akasema ana swali la utaratibu. Yule mama hakuwa upande wangu, naomba ieleweke. Hakuwa upande wa mtu. Alichokuwa anapenda ni sheria isomwe mpaka mwisho wake.

Akasoma sheria ya saba: kitu chochote kilichofungwa, mtoto akikitaja mbele ya karani, ni chake, na hakuna mkubwa wa kumzuia asikifungue. Akauliza kama mtoto alikitaja mbele ya karani. Karani akaitwa, akakubali. Basi akamgeukia Mpambaji Mkuu.

"Furushi Kuu limefungwa, au halikufungwa?"

Nawaambia, nimeona ng'ombe akizaa pacha, nimeona moto ukila mlima, lakini sijapata kuona kitu kitamu kama uso wa Mheshimiwa Juujuu dakika ile. Akisema halikufungwa, basi kwa sheria ya kwanza si zawadi, na yeye na baba yake na babu yake wamekula vyeo kwa kupamba upuuzi. Akisema limefungwa, ni la Naetwe. Akaomba mapumziko. Wakajifungia kwa muda wa saa tatu, na sisi nje tunawasikia. Mmoja alipendekeza Furushi litangazwe kuwa jengo. Mmoja alitaka lifunguliwe kipande kidogo, upande wa nyuma. Mheshimiwa alirudia neno moja tu, kwamba likifunguliwa litakuwa limekwisha, na nchi itabaki na nini? Nadhani alikuwa anasema kweli ya moyo wake. Hilo ndilo baya la watu hawa, wanaogopa kwa dhati.

Lakini huku nje watoto walikuwa wameanza kukusanyika kulizunguka, na wakubwa nyuma yao. Sheria ya saba ilikuwa imetoka mdomo hadi mdomo. Wajumbe walipotoka na kuona uwanja ule, wakapiga kura, kumi kwa mbili, lifunguliwe.

Tarehe ishirini na nne, jua linachomoza, Naetwe aliletwa kati ya wale mama wa aproni. Sheria inataka mwenye zawadi ndiye apasue kwanza. Alinitafuta kwa macho, nikampungia. Akashika pindo la karatasi nyekundu, akavuta.

Sauti ile. Uwanja mzima ulivuta pumzi. Kisha watoto wakaingia, mia, mia mbili, wengine wamepanda migongoni kwa wengine. Chini ya nyekundu ilikuwa ya kijani, chini yake ya fedha, na kila tabaka likianguka watoto wanaimba namba yake. Wakubwa mwanzo walisimama mbali na mikono mifukoni. Lakini kufika tabaka la thelathini, baba mmoja akaokota kipande akasema hii ndiyo karatasi ya mwaka niliozaliwa, akawa anakigeuzageuza, na baada yake hakuna aliyebaki pembeni. Watu walijisahau. Walikuwa wanapasua na kusimuliana, wazee wanakimbia kama ndama. Furushi likawa saizi ya nyumba, likawa saizi ya chumba, likawa saizi ya kitanda. Mheshimiwa Juujuu alitembea akilizunguka na kamba ya kupimia, jasho linamtoka, anaomba wasitupe tepe. La samawati lilipotokea, Bi Pendeza alilishika kwa vidole viwili, akalitazama, kisha kwa mshangao wangu akalipasua yeye mwenyewe.

Na mimi, sitaficha, nilikuwa napasua na kulia na kucheka. Tangu Juni sikuwa nimecheka. Nilikuwa najiambia leo mwanangu anamwona, leo hawa watoto wote wanamwona, na si mwenyekiti aliyewaonyesha wala mheshimiwa.

Karatasi zikaisha. Chini yake lilikuwa gunia. Chini ya gunia, majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Naetwe alifungua fundo kwa meno.

Ndani lilikuwa gogo lililochongwa, refu kama mkono wa mtu mzima, limechimbwa katikati.

Hakuna aliyelijua. Mheshimiwa akasema ni mtumbwi mdogo. Karani akasema labda ni jeneza, watu wakarudi nyuma. Mimi nilisogea nikapitisha kiganja ukingoni, na mbao ile ilikuwa laini pale shingo za ng'ombe zilipoisugua. Nikawaambia ni hori. Ng'ombe hulia majani humu. Ndimo alimolazwa, kwa kukosa pengine. Nikawaona watoto wanajisogeza, wale wa vitu ishirini bila kupumua, wakaliangalia hori kama hawajapata kuangalia kitu maishani.

Naetwe alitia mkono ndani.

"Hayumo," akasema. Akapapasa tena. "Lakini nyasi zimetandikwa."

Palikuwa na kelele za kuogofya. Watu walisema kaibwa. Mheshimiwa Juujuu, ambaye uso wake ulikuwa umeanza kupata damu, alitangaza kuwa ataunda kamati ya uchunguzi, na kwamba kwa sasa hori lifungwe tena kwa usalama wake. Akataka karatasi. Watoto wakakaa chini kulizunguka, bega kwa bega, hakuna aliyewaambia. Hapakuwa na pa kupitishia karatasi.

Bi Kurasa ndiye aliyeuona ubao. Ulikuwa umepigiliwa kwa ndani, upande wa kichwani, umeandikwa kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Alivaa miwani akausoma kwa sauti. Ulisema kuwa kila mwaka sanamu ya Mtoto hukaa nyumbani kwa familia ya zamu, ambayo huwakaribisha watoto wa jirani kila jioni na kuwasimulia habari zake. Hori huandaliwa tupu. Mtoto huletwa na kulazwa siku yenyewe. Na chini, kwa maandishi mengine, ya ofisini: mwaka huu hori limefungwa tarehe mbili Desemba, kwa amri ya Mpambaji Mkuu, ili mapambo yawahi.

Ilichukua muda watu kuelewa. Nikaelewa mimi kwanza, nadhani, kwa kuwa nimezoea kuwatafuta wenye makosa. Hakuibwa. Walifunga mapema. Siku yenyewe ilipofika, ile familia ya zamu ilikuja na Mtoto mikononi, ikakuta hori limekwisha kufungwa, linang'aa, linapendeza kuliko kitu chochote mjini, na wakubwa wamesimama mbele yake wanasema jamani msiharibu. Wakarudi naye nyumbani. Mwaka uliofuata tabaka lingine. Hawakuja tena, au walikuja wakafukuzwa. Nchi nzima imelipigia magoti hori tupu miaka sitini na mitatu, na Mtoto yuko kwenye nyumba ya mtu, mtaa wowote ule, labda kwenye kabati, amefungwa pamoja na vitu vingine vya urithi ambavyo adabu inakataza kuvifungua.

Nilimgeukia Mheshimiwa Juujuu. Maneno niliyokuwa nayo yangetosha kujaza uwanja. Lakini alikuwa amekaa chini juu ya karatasi zilizopasuliwa, anasoma kwa midomo lile jina la cheo kwenye ubao, ambalo lilikuwa la babu yake, nikaona nimwache kwanza.

Bi Kurasa akamwamuru karani afute wino mwekundu. Alisema mtoto huyu hana upungufu, hamu yake imeandikwa na inangoja kutimizwa, na sheria haisemi ingoje mpaka lini. Wale mama wa aproni wakamwachia Naetwe mkono. Hakunikimbilia. Alikuwa amekwisha kuinama kwenye ubao, anatafuta kwa kidole.

Maana palikuwa na mstari mmoja zaidi. Uliandikwa: zamu ya mwaka huu ni ya nyumba ya, na baada ya hapo palikuwa na jina. Gundi ya tabaka la kwanza ilikuwa imevuja ikalila lote, hata herufi ya mwanzo.

Sasa nimeketi kwenye kizingiti cha Bi Pendeza ninaandika haya, na mlango wake umebanduliwa karatasi yote, mbao tupu, ndio wa kwanza. Yeye mwenyewe hayupo. Yuko mitaani pamoja na Naetwe na watoto zaidi ya mia, wanabandua milango ya watu ili wapate pa kubisha. Wamebisha tangu asubuhi. Wazee wanatoka, wanafikiri, wanatazama ndani kwenye makabati yao, wanaita wake zao. Nawasikia wanazidi kwenda mbali, na kila mlango ukifunguliwa wanauliza neno lilelile, kwa sauti moja, na mpaka sasa hakuna aliyewajibu: Mtoto alibaki kwa nani?